Hata Mbuzi Ana Fundo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kichwa cha ng'ombe pamoja na shingo yake, nikapewa kisu, nikaambiwa nilete mshipa. Ilikuwa Mwaya, karibu na maji ya ziwa, enzi za Wajerumani, miaka michache kabla ya vita yao na Waingereza. Aliyeniagiza alikuwa Daktari wa kituo. Alikuwa daktari wa ng'ombe na wa watu pia, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Mimi nilikuwa kijana aliyesoma kidogo shule ya misheni, kiasi cha kuandika jina langu na kusoma Injili polepole. Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaofanya kazi za zahanati na maabara. Sina hakika kama nitayaeleza vizuri, lakini kati ya walioyaona nimebaki mimi.

Nilitoa mshipa mweupe, mgumu, nikampelekea.

"Hii nini?" akauliza.

"Mshipa, Bwana."

"Huu ni wa kuvuta mguu na shingo. Unafaa kufungia mlango. Leta mwingine."

Nikaleta wa damu. Akatikisa kichwa. "Huu ni bomba. Mimi nataka ule wa habari."

Sikumwelewa. Mkalimani wa kituo, mtu wa kijiji cha Ngana aliyejifunza Kiswahili kwa kufuatana na wafanyabiashara, alikuwa amesimama mlangoni akicheka. Akasema, "Mwonyeshe basi, Bwana, la sivyo atakuletea mshipa wa wazee, ule wa kuvimba chini, na huo utautibu mwenyewe." Ndivyo ilivyo lugha yetu: kano ni mshipa, njia ya damu ni mshipa, ngiri ni mshipa, na njia ya fahamu nayo ni mshipa. Daktari alichukua koleo dogo, akapenyeza kando ya koo la ng'ombe, akainua uzi mweupe uliolala pamoja na bomba la damu. Akaufuata kwenda juu, karibu na fuvu, mpaka mahali uzi ule ulipovimba kama punje ya mpunga iliyolowa.

"Hapa," akasema. Akafungua kitabu chake cha maneno, akapitisha kidole. "Fundo. Fundo la mshipa wa fahamu. Kazi yako ni kuniletea mafundo."

Neno alilichagua yeye kitabuni, nami nikalipokea. Lilikuwa neno sahihi. Mtu akifunga kamba na kuacha uvimbe, hilo ni fundo. Tulilitumia muda mrefu bila kufikiri kwamba lina mlango wa pili.

Alinichagua kwa sababu ya mjomba wangu. Zamani kwetu mtu akifa kifo kisichoeleweka, ukoo ulitaka apasuliwe tumbo kabla ya kuzikwa, waone kama ni ugonjwa au ni mkono wa mtu. Mjomba alikuwa mmoja wa wapasuaji, nami nilikuwa nimemshikia maji ya kunawa. Kwa hiyo nyama ya ndani haikunitisha. Siwezi kusema nilikuwa na akili kuliko wenzangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Fundo lilitakiwa litolewe mapema, maana nyama ya fahamu huoza upesi kuliko nyingine. Likitoka, linawekwa katika fomalini ili lishike umbo lake. Kisha linapitishwa katika spiriti hafifu, halafu kali, halafu kali zaidi, mpaka maji yote yatoke. Baada ya hapo linazamishwa katika nta nyeupe iliyoyeyushwa. Nta inaingia mahali pa maji, na ikipoa unakuwa na kipande kigumu chenye fundo katikati. Kipande hicho kinakatwa kwa mashine yenye wembe, vipande vyembamba hata ukivipuliza vinapotea. Unavilaza juu ya maji ya uvuguvugu vinyooke, unavipokea kwa kioo kilichopakwa ute wa yai, unatoa nta, unatia rangi ya buluu. Ndipo unaweka chini ya hadubini, ambayo siku zile sote tuliiita darubini.

Mara ya kwanza Daktari aliponiruhusu kutazama, niliona buluu tupu. Nikasema naona, ili nisionekane mjinga. Akaniuliza, "Unaona nini?" Nikalisogeza jicho karibu zaidi. Akasema, "Usiseme umeona mpaka umeona. Kaa hapo." Nilikaa. Jicho lilipotulia yakatokea maduara makubwa, moja moja, kila moja na kiini cheupe katikati, na ndani ya kiini nukta nyeusi kama mboni. Hizo ndizo seli za fahamu. Kuizunguka kila seli kulikuwa na seli ndogo ndogo zimeshikamana nayo kama vifaranga kwa mama yao. Daktari alisema hizo ni za kuilinda na kuilisha, ingawa aliongeza kwamba hata Ulaya bado walikuwa wakibishana.

Tulitazama mafundo ya wanyama wengi. Fundo la mgongo la samaki mbasa lina seli zenye mikia miwili, mmoja huku mmoja kule. La chura limefunikwa na unga mweupe kama chokaa, lazima uusafishe kwanza. La mbuzi na la ng'ombe lina seli zenye mkia mmoja tu, unaotoka na kugawanyika kama njia panda: tawi moja linakwenda kwenye ngozi, jingine linaingia uti wa mgongo. Mafundo ya tumboni ni tofauti; seli zake zina mikono mingi kama shina la muhogo lililong'olewa. Mafundo ya watu tuliyapata kwa wachache waliofia kituoni, kwa idhini ya ndugu zao. Mtu akiniwekea kioo cha fundo la shingo la mtu na cha mbuzi bila kibandiko, sijui kama ningeweza kuapa kipi ni kipi. Jambo hilo lilinishughulisha sana nikiwa kijana.

Shida yetu kubwa ilikuwa joto. Kabla ya mvua, pwani ya ziwa letu inachemka, na nta inalainika kama siagi. Wembe ukipita, fundo linakunjamana. Dawa ilikuwa chungu cha Kikisi. Watu wengine husema wazo lilikuwa langu, lakini lilikuwa la Daktari mwenyewe: kipande cha nta kilazwe ndani ya chungu cha maji usiku kucha, kikatwe alfajiri kabla jua halijapata nguvu. Vyungu hivyo alituuzia Sekela, mwanamke wa Kikisi, kabila la wafinyanzi, aliyeolewa Ipyana. Udongo aliletewa na ndugu zake kwa mtumbwi kutoka Ikombe. Alikuwa mwepesi wa maneno. Akinikuta nimeinama juu ya mashine alikuwa akinisalimu, "Ugonile, fundi wa shingo. Leo umemnyonga nani?"

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Shemeji yake Sekela, kaka mkubwa wa mumewe, aliitwa Ambilikile. Alikuwa na mbwa wa kuwinda nguruwe pori. Siku moja mbwa huyo aliingia kwenye vyungu vya Sekela vilivyokuwa vikikauka, akavivunja. Sekela alidai, Ambilikile akacheka, akasema udongo haujaisha ziwani. Sekela hakumjibu. Alikusanya vipande, akaenda ndani, na tangu siku hiyo hakumwamkia shemeji yake. Watu wote waliliona hilo. Kwetu mtu anayegombana kwa sauti haogopwi. Anayeogopwa ni yule aliyenyamaza, kwa maana hasira iliyofungiwa ndani huaminika kwamba inaweza kutembea na kumwumiza mtu.

Baadaye mbwa yule alibadilika. Akawa anatokwa mate, anatafuna kuni, anatembea bila kumjua bwana wake. Alimng'ata Ambilikile mkononi, na majirani wakamwua. Daktari alikuwa ametangaza kwamba mbwa wa namna hiyo wapelekwe kituoni. Nilimtoa mafundo ya shingo nikayahifadhi, lakini hatukuyakata, kwa kuwa Daktari alikuwa ameitwa milimani kwa ajili ya ng'ombe wagonjwa. Kidonda cha Ambilikile kilipona. Kisha, wiki kadhaa baadaye, akaanza kuhangaika. Koo lilimbana. Akiletewa maji alitetemeka, na hata mlio wa maji yakimiminwa ulimtia kifafa. Daktari aliporudi alimwona, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna la kufanya. Ambilikile akafa akiwa na kiu.

Mama yake, Bibi Tupoke, alimtaja Sekela kabla ya kaburi kuchimbwa. "Mkamwana wangu alinyamaza," alisema, "na mwanangu akafungwa koo." Ukoo ulikubali. Malafyale, yaani mtawala wetu wa jadi, alipanga siku ya kusikiliza. Kama Sekela angeonekana ana hatia angefukuzwa Ipyana, na watoto wake wangebaki kwa baba yao. Mtoto wake wa mwisho alikuwa bado ananyonya.

Ukoo ulitaka marehemu apasuliwe. Mjomba wangu ndiye aliyefanya kazi hiyo, akatazama tumbo kama walivyotazama wazee, akasema haoni kitu. Daktari aliomba fundo la shingo peke yake, wakampa. Akaniita. "Malafyale amekubali kunisikiliza. Nataka vioo vya mbwa na vya mtu. Vizuri. Ukikunja vipande, hatuna cha kusema."

Ilikuwa katikati ya joto. Alfajiri ya kwanza nilikata vya mbwa, vikakunjamana vyote. Alfajiri ya pili wembe ulikuwa butu kidogo, vikapasuka. Mafundo yaliyobaki yalikuwa machache, na kila kipande kilichoharibika hakikurudi. Nikaunoa wembe mpaka ukakata unywele ulioning'inia. Nikabadilisha maji ya chungu kila yalipopoteza ubaridi. Nilikuwa na mashaka juu ya mikono yangu tangu siku ya mshipa wa mlango, na mashaka hayo sijayamaliza hadi leo, lakini nilijiambia kwamba mikono mingine haipo. Alfajiri ya tatu utepe wa nta ulitoka mzima, wa mbwa na kisha wa mtu, umenyooka kama ukindu. Daktari aliangalia vioo kwa muda mrefu. Kisha akasema neno moja tu kwa Kijerumani, akanipigapiga bega.

Siku ya shauri tulikusanyika uwanjani kwa Malafyale. Sekela alikaa upande mmoja na mtoto mgongoni. Mumewe alikaa katikati, hajui aende kwa mama au kwa mke. Daktari alisimama akasema kwa Kiswahili chake, ili Mkalimani ageuze:

"Nimetazama fundo la mbwa. Nimetazama fundo la marehemu. Yanafanana. Aliyemwua Ambilikile ni fundo hili."

Mkalimani akageuza kwa Kinyakyusa. Uwanja ukaguna. Bibi Tupoke akapiga makofi polepole, akashukuru, "Ndaga, Bwana. Hata mgeni ameliona."

Sekela aliinamisha kichwa. Daktari alinitazama. "Wamefurahi? Kwa nini wanamtazama yule mwanamke?"

Nami nilikuwa nimeshasikia kilichotokea. Kwa Kiswahili fundo ni la kamba, na fundo ni kinyongo cha moyoni. Mkalimani alikuwa amechukua lile la pili. Simlaumu. Shauri lilihusu kinyongo, na watu wote uwanjani walikuwa wakingoja kinyongo. Neno lilipofika, likaingia mlango uliokuwa wazi.

"Bwana," nikasema, "wamesikia kwamba umeiona hasira ya Sekela ndani ya shingo ya marehemu."

Uso wa Daktari uligeuka mwekundu, akakitazama kitabu chake cha maneno kilichokuwa mfukoni kama mtu aliyeng'atwa nacho. "Lete darubini," akasema. "Na kioo cha mbuzi. Wewe ndiye utasema, kwa lugha yao. Mimi nimeshasema vya kutosha."

Tuliiweka meza juani, kioo cha chini kikapokea mwanga. Niliona mtoto mgongoni kwa Sekela akicheza na shanga za mama yake, nikaanza kwa Kinyakyusa, kwa neno lilelile alilolitumia Mkalimani.

"Malafyale, hili ni fundo la mbuzi mzima, aliyechinjwa akaliwa, watu wakashiba."

Malafyale aliinama, akafunga jicho moja kwa kidole. "Mbuzi ana fundo?"

"Anayo mengi. Shingoni, mgongoni, tumboni."

"Mbuzi ana kinyongo na nani?"

Mzee mmoja nyuma akajibu, "Na wewe, Malafyale, uliyemla." Watu wakacheka. Mkalimani naye akacheka, kisha nikaona kicheko kinamkauka, ameelewa.

"Na chura?" Malafyale akauliza.

"Anayo. Na mbasa pia anayo."

"Na mimi?"

"Nawe, Malafyale. Ni nyama tu, kama figo ilivyo nyama. Ulizaliwa nayo."

Mkalimani akasimama mwenyewe, bila kuitwa. "Malafyale, nilikosea neno. Bwana hakusema hasira. Alisema kivimbe kilicho kwenye uzi wa fahamu. Nililigeuza vibaya." Yeye alisema hivyo mbele ya watu wote, na nimeandika ili ijulikane, kwa sababu wengine walimsimulia vibaya baadaye.

Kisha nikaweka kioo cha mbwa, halafu cha marehemu. Wazee walitazama mmoja mmoja. Wengine waliona buluu tupu wakasema wanaona; niliwajua. Sekela akaomba naye atazame. Ukoo ukanung'unika, lakini Malafyale akaashiria kwa mkono aachwe. Alitazama cha mbuzi kwanza, akakaa nacho muda mrefu.

"Ni vyungu," akasema. "Vimepangwa kwa kuchomwa, kila kimoja kimezungushiwa majani yake."

Nikambadilishia. Akatazama kioo cha mbwa, halafu cha shemeji yake. Alipoinua uso macho yalikuwa yamejaa. "Vyungu havipo. Yamebaki majani. Majani yamejaa pale palipokuwa na chungu."

Nilikuwa nimetafuta maneno ya kueleza ugonjwa ule tangu alfajiri, na sikuyapata. Ndivyo ilivyo: katika kichaa cha mbwa seli ndogo za pembeni huongezeka, zikaingia mahali pa seli kubwa, seli kubwa ikaliwa ikaisha. Nikawaeleza hivyo. Nikaeleza kwamba mbwa na bwana wake wameharibika kwa namna moja, na kwamba ugonjwa ulipita kwenye jino.

Bibi Tupoke alikuwa wa mwisho. Alitazama, na nadhani aliona kweli, maana hakuharakisha kusema anaona. Akajinyoosha.

"Nimekusikia, mwanangu. Mbwa ndiye aliyemwua. Sasa niambie: katika watu wote wa Ipyana, kwa nini mbwa alimng'ata huyu? Nani alimtuma?"

Nilitazama darubini. Nilimtazama Daktari, naye alikuwa ananitazama mimi. Nikasema, "Hilo, Bibi, halimo kwenye kioo." Nilijua kwamba jibu hilo linaweza kumfukuza Sekela, lakini nilikuwa nimefundishwa nisiseme nimeona mpaka nimeona.

Malafyale akamgeukia Sekela. "Mkamwana, bwana huyu amesema fundo la shingoni ni nyama. Mimi nauliza lile jingine. Unalo?"

Sekela angeweza kukana. Akasema, "Nalo. Alicheka vyungu vyangu. Nilikasirika, nikanyamaza, na nilitaka avunjikiwe na kitu chake naye aone. Sikutaka afe. Nilipomwona anaogopa maji niliogopa mimi mwenyewe, nikadhani labda ni mimi." Akainuka. Kando ya meza yetu kulikuwa na chungu cha maji tulichokuja nacho kwa ajili ya vioo, chungu alichokifinyanga yeye. Akachota, akajaza kinywa, akatema chini kama wafanyavyo watu wa kwetu wanapotoa hasira. "Limetoka," akasema. "Kama kuna aliye na lake, naye alitoe."

Hakuna aliyesogea. Bibi Tupoke alikuwa anakitazama chungu. Tangu kifo cha mwanawe alikuwa hagusi maji ya nyumbani kwa Sekela. Alikuwa akienda kuchota yake mtoni kwa miguu yake mibovu. Akasogea, akachukua kata, akajaza kinywa, akatema. Kisha akachota tena, na safari hii akanywa mpaka mwisho, koo lake likipanda na kushuka mbele yetu.

"Mwanangu alikufa akiyatamani," akasema. Akairudisha kata mahali pake. "Mkamwana, twende nyumbani. Mtoto ana njaa."

Malafyale hakuhitaji kutoa hukumu.

Baada ya hapo nilifanya kazi na Daktari mpaka vita. Wajerumani waliporudi nyuma alikwenda nao, na darubini ikaenda naye, na vioo vyetu sijui viliishia wapi. Waingereza walipoingia nilichukuliwa zahanati ya milimani chini ya Bwana Mganga Mkuu, mtu mkali lakini wa haki, ambaye hakuwa na haja na mafundo. Alitaka nifunge vidonda na kugawa kwinini. Halafu nikahamishiwa Ipinda, nikakaa hapo mpaka nguvu zilipopungua nikaambiwa nipumzike. Sasa nalima mpunga kidogo, na jicho nililotumia kutazamia limeingia ukungu.

Nimejiuliza mara nyingi kama kazi yangu ilimsaidia Sekela, au kama yale maji yangetosha bila sisi. Sijui. Bila vile vioo Malafyale asingeuliza swali lake kwa namna ile, na bila maji vioo visingemrudisha mtu nyumbani. Sina zaidi ya hapo. Ninyi mnasoma neno ganglia shuleni, na ni zuri, maana halina mlango wa pili. Lakini siku moja mtasimama mbele ya mama wa marehemu, naye hatalijua neno hilo, mtalazimika kuchukua jingine kinywani mwake. Litazameni kwanza lina milango mingapi. Na mkiulizwa msichokiona, mseme hamkukiona, hata kama mnaogopa yatakayofuata.

Sekela aliishi Ipyana mpaka watoto wake wakawa na wajukuu. Kila msimu alipita kwangu na chungu, hata nilipokuwa sina tena nta ya kupoza. Alikuwa anaketi kizingitini, anapumua, ananiuliza, "Fundi wa shingo, fundo lako halijambo?"

"Halijambo," nilimjibu. "Na lako?"

"Limebaki lile la shingoni tu," alisema, kisha akaomba maji.